Jenereta ya petroli nyumbani: uzoefu wangu wa friza, pampu na kelele

Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipopamba moto na ratiba za TANESCO zikizunguka kwenye simu za watu, nilinunua jenereta ya petroli Kariakoo. Nauza vibua vya kugandisha na barafu hapa nyumbani Tabata, kwa hiyo umeme ukikatika asubuhi hadi usiku, kukosa taarifa ya habari ni jambo dogo. Mtaji ndio unaoyeyuka. Jenereta imefanya kazi niliyoinunulia, na ningeambiwa ninunue tena leo ningenunua. Anayetaka kuwasha nayo nyumba nzima ndiye ningemshauri aache.

Ubavuni imeandikwa kilowati 2.5. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa, ya dakika chache. Ya kuendesha kwa saa kadhaa ni kilowati 2, nayo imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma, karibu na soketi. Ni ile ambayo oili yake inakaa peke yake, si vile vidogo vya kuchanganya oili na petroli kwenye tangi. Tangi linachukua lita 15.

Kijana wa dukani aliniambia, "Dada, hesabu taa zako na tivii, jumlisha, basi." Fundi umeme wa mtaani kwetu alipokuja kuniunganishia akauliza kingine kabisa: "Mama, taa achana nazo. Niambie humu ndani kuna mota ngapi." Fundi ndiye aliyekuwa sahihi. Friza yangu ikishatulia inakula kama wati 150, lakini kompresa, yaani mota yake, inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo, kwa muda mfupi sana. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu, yenye mota ya nguvu ya nusu farasi, nayo ni vilevile. Unaisikia kabisa: mngurumo unazama, balbu zinafifia mara moja, halafu mashine inajikaza na sauti inarudi pale pale. Friza na pampu vikianza kwa pamoja jenereta ndogo inazimika au sakiti breka yake inakata. Kwa hiyo nawasha friza kwanza, naiacha itulie, ndipo pampu. Pasi na jagi la umeme siviwashi kabisa. Jagi moja la wati 2,000 linamaliza nguvu yote ya mashine kwa ajili ya chai.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Nikiipa mzigo wa kilowati moja hivi, inakunywa karibu lita moja kwa saa. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, maana yake uniti moja ya umeme wa jenereta inanitoka kwa bei ya lita moja ya petroli, na wakati ule wa mgao lita Dar es Salaam ilikuwa juu ya shilingi 3,000. Uniti ya LUKU kwa sisi tunaotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, ukiweka na kodi zake, wakati huo ilikuwa kama shilingi 356. Na kuna baya zaidi: ukiipa mzigo mdogo haipunguzi kunywa kwa kiasi hicho. Kuiwasha kwa ajili ya balbu tatu na chaja ya simu bado kunakula zaidi ya nusu lita kwa saa. Ni kuchoma hela mchana kweupe.

Ndiyo maana siiwashi muda wote wa katizo, na hata friza haihitaji hivyo. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi yake kwa karibu siku mbili; iliyojaa nusu, siku moja hivi. Nafasi isiyo na samaki naijaza chupa za maji, zikishaganda zinasaidia kushika ubaridi. Umeme ukikatika asubuhi, wateja nawauzia kutoka kwenye kasha la barafu, friza naifunga. Jioni nawasha kwa saa mbili au tatu, na ndani ya saa hizo hizo napandisha maji, watoto wanafua kwa mashine, simu zote zinachajiwa. Kazi zote zinapangwa zikutane. Friji ya kawaida ya jikoni ndiyo isiyovumilia, saa nne tu za giza na maziwa yanaanza kuharibika, hivyo vya kuharibika haraka vinahamia kwenye friza mapema.

Kuhusu kuunganisha, nitarefusha kidogo kwa sababu nimeona mambo ya kutisha mtaani. Kuna watu wanatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Main swichi ikisahaulika ikiwa imewashwa, umeme ule unatoka nyuma kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma inaupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye nyaya ambazo fundi aliye juu ya nguzo anaamini zimekufa. Na umeme wa TANESCO ukirudi ghafla mashine yako inaungua. Fundi wangu aliweka swichi ya chenji ova: ama TANESCO, ama jenereta, haiwezekani vyote viwili. Pia alitenganisha mistari, jenereta inapeleka umeme kwenye friza, pampu, soketi moja ya sebuleni na taa chache tu. Kama huna hela ya chenji ova, tumia ekstensheni nene moja kwa moja kutoka kwenye jenereta hadi kwenye friza, inatosha.

Moshi nao usiuchezee. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye ekzosi haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Yangu inakaa uani nyuma ya jiko, zaidi ya mita sita kutoka dirisha lolote, ekzosi imeelekea kwenye ukuta wa fensi, juu yake kipaa cha bati cha kuzuia mvua. Barazani hapana, stoo yenye mlango wazi hapana, hata ikinyesha. Ardhi iwe tambarare pia. Niliwahi kuihamishia kwenye kimteremko ikakataa kuwaka, nikadhani imekufa, kumbe ina kihisio cha oili. Ikilala upande inaamini oili imepungua na inajizima.

Kelele ndiyo kasoro yake kubwa. Ukikaa karibu nayo lazima upaze sauti kama uko mashine ya kusaga. Jirani yangu ana mtoto mchanga, tukakubaliana kwamba saa nne usiku inazimwa, na mimi namgandishia barafu bure. Jenereta za aina ya inveta, zilizofunikwa na ambazo injini yake inapunguza mwendo mzigo ukipungua, ni tulivu zaidi na zinakunywa kidogo mzigo ukiwa mdogo, ila kwa nguvu ileile bei yake ilikuwa mbali sana na mfuko wangu.

Matunzo ni rahisi. Inakuja bila oili, hilo dukani hawakunitajia, nililisoma kwenye kitabu. Ukivuta kamba kabla ya kuweka umeanza vibaya. Inachukua kama mililita 600. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, baadaye kila saa 100. Kuwasha asubuhi kukiwa na baridi, vuta choki, vuta kamba taratibu mpaka uhisi ugumu, ndipo uvute kwa nguvu mara moja. Mtu anayenyofoa kamba kwa hasira anaikata.

Tangu mashine ya kwanza ya Bwawa la Mwalimu Nyerere, ya megawati 235, ianze kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, mgao wa ratiba uliisha kwetu. Zimebaki hitilafu, mvua kubwa ikinyesha na transfoma ikilipuka. Kwa hiyo jenereta sasa inalala wiki nyingi, na jenereta inayolala inaharibika kuliko inayofanya kazi. Petroli iliyokaa kwenye kabureta inaacha utando unaoziba vitundu vyake, ndiyo maana wengi wanalalamika "ilikuwa nzima, leo haiwaki." Mimi sizimi kwa swichi. Nachomoa mzigo, nafunga koki ya mafuta, naiacha inywe iliyobaki mpaka ikohoe na kuzimika yenyewe. Kila mwezi naiwasha robo saa ikiwa na friza, hata kama umeme upo.

Anayehitaji taa, simu na tivii tu, anunue betri na sola ndogo, atalala kimya na hatapanga foleni na dumu kwenye vituo ambavyo vingine havikubali kuuza mafuta kwenye dumu. Mwenye friza ya biashara, pampu ya kisima au vifaranga vya kupasha joto, achukue kilowati 2 za kweli kwenda juu, na ndani ya bajeti aweke hela ya fundi na chenji ova kabla hajaulizia punguzo la bei.