Jioni ya kusomeana Mji wa Kale: maneno yangu kinywani mwa mtu mwingine

Sisi wa Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, tumeitwa kwenye mikutano mingi ya amani, hasa miaka ya uchaguzi. Hema, viti vya plastiki, hotuba, soda, fulana yenye maandishi kifuani, kisha kila mtu kwao. Kwa hiyo shoga yangu aliponiambia kuna kikao cha kusoma maandishi ya amani na wema Mji wa Kale, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nilikwenda kwa ajili yake yeye tu. Sasa nakiandikia hapa kwa sababu nataka watu zaidi wakijue.

Kikao hufanyika uani kwa nyumba ya zamani, ukishaiacha Fort Jesus na kuingia Ndia Kuu. Kiingilio hakuna. Nilivuka feri kwa miguu, ambako hulipi kitu, nikapanda tuktuk. Pesa nyingine iliyonitoka ni ya kahawa tungu na kashata, kwa mzee anayezunguka na dele lake. Mzee huyo ana adabu: msomaji akianza, vikombe vyake vinanyamaza.

Sharti ni hili. Unakuja na ukurasa mmoja juu ya wema uliotendewa na mtu asiye wa kabila lako wala dini yako. Huandiki jina. Mlangoni unautia kwenye kikapu cha ukili. Zamu yako ikifika unachukua ukurasa wa mwenzio na kuusoma kwa sauti kama ulivyo, na "mimi" ya mwenyewe inabaki "mimi" kinywani mwako. Asiyejua kusoma hunong'onezwa na kijana sentensi baada ya sentensi, naye akaitamka. Niliona bibi mmoja akinong'onezwa na mjukuu wake, na ua mzima ukamsubiri bila mtu kukohoa.

Kabla ya kikapu, mzee mmoja alifungua kwa utenzi alioutunga mwenyewe, akaughani kwa mahadhi ya kale. Vipande vitatu vya mwanzo vya kila ubeti vina kina kimoja, mizani minane minane, na cha nne kinarudi kwenye bahari ileile, yaani kina cha mwisho cha utenzi mzima. Beti ya tano ilipofika, hata watoto walikuwa wanajua sauti itatua wapi, wakawa wanatua naye. Watu wasiojuana walikuwa tayari wanamalizia pamoja. Nadhani waandaaji walilijua hilo, na ndiyo maana hawakuanza na hotuba.

Ukurasa niliouchukua mimi ulikuwa wa mlinzi wa usiku, mtu wa Kisii. Mei 2020, wakati wa korona, serikali ilipofunga Mji wa Kale watu wasiingie wala kutoka, yeye alikuwa ndani, kazini, na familia yake iko nje. Ilikuwa Ramadhani. Ameandika kwamba kila jioni, adhana ya Magharibi ikilia, dirisha la ghorofani lilikuwa linafunguka na kikapu kinashuka kwa kamba: uji, tende, mbaazi, siku nyingine sambusa. Hakuna siku aliyoombwa kufunga, hakuna siku aliyoulizwa dini yake. Nilisoma, "Mimi si Mwislamu, lakini mwezi ule nilifuturu kila siku," nikasikia sauti yangu ya Kilikoni ikisema maneno hayo, na koo likanikaba. Mimi hufuturu kila mwaka. Sijawahi kuwaza nani yuko chini ya dirisha langu.

Kisha wangu ukasomwa.

Nilikuwa nimeandika juu ya mama mboga wetu, mtu wa bara, Mkristo, aliyekuwa na meza yake mbele ya nyumba yetu. Mwaka 1997 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amelazwa kwa uzazi wa mdogo wangu, na majuma yale yote mama mboga ndiye aliyenisuka, mafuta ya nazi kichwani, misuko ya twende kilioni iliyonyooka, nisiende chuo cha Kurani na nywele zimetimka. Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa usiku, na majirani wa bara wakaanza kusakwa. Majuma yaliyofuata waliuawa zaidi ya watu 100, na maelfu walihama. Asubuhi moja meza yake ilikuwa tupu.

Aliyeusoma ni kijana wa bodaboda, koti lake la kung'aa bado mwilini. "Alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka." Mtu mzima yule, ndevu tele, na hakuna aliyecheka. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na najua pa kuharakisha. Nikifika kwenye meza tupu huwa naikimbia haraka, naingia kwenye habari za siasa na nani aliyechochea. Kijana hakujua kwamba hapo hukimbiwa. Alisoma, "Asubuhi moja meza yake ilikuwa tupu," akasimama, akasoma tena. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hii sikuwahi kuuliza watoto wake walifika salama wapi. Nilicheza nao kila siku.

Kasoro zipo, na nazisema kwa kuwa nakipenda. Tuliambiwa saa kumi na nusu, tukaanza saa kumi na moja na robo. Baada ya mapumziko ya Magharibi, mgeni mmoja wa heshima alihutubia dakika 20 juu ya umoja, akaondoka kabla hajamsikiliza msomaji hata mmoja. Ningeomba mgeni naye alete ukurasa wake kikapuni kama sisi. Maikrofoni ilikuwa ikipiga mluzi mpaka wakaizima, na bila hiyo tulisikilizana vizuri zaidi. Taa ni moja tu, kwa hiyo ukienda andika herufi kubwa, umhurumie atakayekusoma. Tulimaliza saa mbili usiku, na kwa mwanamke wa kuvuka peke yake hiyo ni saa mbaya. Wakianza mara tu baada ya Alasiri watatusaidia sana. Na mahali pa kukaa ni mikeka na baraza za mawe, jambo linalowatesa wazee wenye migongo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama bado macho. Nikamwambia nimeandika juu ya nani. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia majina ya watoto wote watatu wa mama mboga, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mkubwa. Akasema ana ukurasa wake pia, ila mikono haishiki kalamu, basi niandike mimi yeye aseme. Tumeshafika nusu.

Anataka kuja mwezi ujao, mradi apate kiti chenye mgongo. Niliwapigia waandaaji kuwauliza. Wamesema kiti kitakuwepo.