Nimezungushwa Edinburgh kwa baiskeli: maoni ya mtoto wa fundi pancha

Baba aliposikia kwamba nimelipa pauni 45 ili nipande baiskeli asubuhi moja tu, alinyamaza kwanza. Nilijua anapiga hesabu kwa shilingi. Ilipomfikia laki moja na nusu hivi, akauliza: “Na hiyo baiskeli unakuja nayo?” Nikamwambia hapana baba, ni ya kwao, nimeirudisha. Akasema basi hao Waskoti ni wafanyabiashara hasa.

Mnisamehee mzee wangu. Yeye ni fundi baiskeli Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa, na kwetu Tanga baiskeli haipandwi kwa matembezi. Inampeleka mtu sokoni, inampeleka kazini, inabeba mkaa, inabeba bibi harusi ikibidi. Mimi nimekua nikimshikia karai la maji huku yeye akizamisha tyubu na kutafuta pale panapotoa mapovu. Kwa hiyo maoni haya ni ya mtu ambaye akipewa baiskeli anaangalia cheni kabla ya kuangalia mandhari.

Nilikwenda Edinburgh, Uskoti, mwishoni mwa mwezi wa tano kumtembelea mtoto wa dada yangu anayesoma huko. Wazo lilikuwa lake. “Mama mdogo, kwa miguu utachoka, na basi la watalii halipiti kwenye vichochoro. Panda baiskeli, si ndiyo kwenu?” Akanikatia nafasi ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Kampuni siitaji jina, maana nina la kusifu na nina la kulalamika, na zipo kadhaa zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Tulikuwa saba bila kumhesabu kijana anayetuongoza. Kulikuwa na Wamarekani wawili, Wajerumani watatu, mimi na mwanangu huyo. Baiskeli zilikuwa safi, gia zinaingia bila kelele, breki zinashika. Nilivaa suruali pana na hijabu, na niliwaza sana habari ya kofia ngumu itakavyokaa juu ya mtandio. Ilikaa. Kijana alinilegezea mikanda bila kunishikashika wala kuniuliza maswali, akanipa na baiskeli ya kike isiyo na mtaimbo juu ili nisirushe mguu mbele za watu. Hapo walipata alama yao ya kwanza. Siti ndiyo iliyonishinda. Nyembamba, ngumu kama ubao wa mbuzi. Keria hakuna, madigadi ya nyuma fupi, na nchi yenyewe ya manyunyu. Niliporudi mgongo wangu ulikuwa na mstari wa tope.

Kabla ya kutoka tulielezwa sheria za barabara. Uingereza wanapita kushoto kama sisi, kwa hiyo Wamarekani na Wajerumani ndio waliokuwa wanajikumbusha kila kona, mimi nilikuwa nyumbani. Jambo moja lilikuwa jipya kwangu: tramu, ile treni ya mjini inayopita barabarani. Reli zake zimelazwa katikati ya lami, na ufa wake unatosha kabisa kumeza tairi jembamba. Kijana alituambia usiifuate reli sambamba, ikatishe moja kwa moja kama mtu anayekata herufi T. Alisema mara tatu. Baadaye tulipofika kwenye reli zenyewe nilielewa kwa nini.

Tulianzia Meadows, uwanja mkubwa wa majani wenye njia pana zilizopandwa miti pande zote, tukapita George Square penye majengo ya chuo kikuu. Kijana alitaja majina ya wanafalsafa na wanasayansi waliopita pale, na mimi nikasubiri. Hakumtaja. Basi nikamtaja mimi: Julius Nyerere alikuja kusoma chuo hiki 1949, akapata shahada yake ya M.A. 1952, akarudi Tanganyika kufundisha, na miaka tisa baadaye nchi ikawa huru. Mmarekani mmoja aliuliza kama ndiye yule Mwalimu. Ndiye. Kijana aliomba nimwandikie jina kwenye simu yake. Sijui kama anawasimulia wageni wengine, ila mkienda naye mtaniambia.

Kituo cha kufuata kilikuwa sanamu ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Anaitwa Greyfriars Bobby, na hadithi yake inasema bwana wake alipofariki 1858, mbwa alikaa karibu na kaburi miaka 14 mpaka naye akafa 1872. Watalii wanamsugua pua kupata bahati, rangi imetoka na pua inang'aa. Kijana alituomba tusiguse. Mimi sikuwa na mpango huo. Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na kwa hesabu zangu dakika zile kumi na tano zingetosha kitu kingine.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike. Baada ya mitaa michache tukaingia nyuma ya nyumba za kawaida kabisa, mahali pa kuanika nguo, na mbele yetu kukawa na mdomo wa pango. Ni njia ya reli ya zamani inayoitwa Innocent Railway, yaani reli isiyo na hatia. Ilifunguliwa 1831 kuleta makaa ya mawe kutoka migodi ya kusini mwa mji, na mabehewa yalivutwa na farasi wakati ambapo watu waliogopa injini za mvuke. Ndiyo maana ikapewa jina la upole hivyo. Treni hazipo tena, pango limebaki, na sasa ni njia ya baiskeli. Lina urefu wa zaidi ya nusu kilomita na linateremka: kila mita 30 unashuka moja. Farasi hawakuweza kupandisha mzigo hapo, ikabidi iwekwe mashine ya mvuke juu ya kuvutia mabehewa kwa kamba.

Sisi tuliteremka. Taa zipo, kuta zina maji, baridi inakupiga usoni mara moja kama umefungua friji, na baiskeli inakwenda yenyewe. Mwanangu alipiga kengele, wote tukapiga kengele, mwangwi ukajaa. Kwetu Tanga Wajerumani walianza kujenga reli 1893, na mimi siku zote nimeihesabu hiyo kuwa ya kale. Pale ndani nilikuwa napita mahali palipokuwa pa kale tayari wakati huo. Nilitamani lirefuke.

Ukitoka upande wa pili, mji umekwisha. Kuna ndege wa majini, kuna ziwa dogo la Duddingston na kanisa lililosimama tangu karne ya 12, na juu yako kuna Arthur's Seat, kilima cha volkano iliyozimika chenye mita 251. Barabara inapita chini ya nguzo za mawe meusi zilizosimama wima kama mbavu, na kweli wanaziita mbavu za Samson. Dakika kumi nyuma ulikuwa katikati ya mji mkuu wa Uskoti. Kwa basi huoni hivi, na kwa miguu ni siku nzima. Kama mtu anataka kujua kwa nini alipe pesa wakati anaweza kukodi baiskeli mwenyewe kwa bei nafuu, jibu langu ni hilo: njia. Mimi peke yangu ningekwenda Royal Mile, ile barabara maarufu ya kutoka ngome mpaka kasri ya Holyrood, nikatikiswa meno na mawe yake na kukanyagana na watu. Kijana yeye alituleta Holyrood kwa nyuma, tukaona kasri na bunge, tukaiacha Royal Mile kwa wenye miguu.

Leith nitaipitia haraka. Ni bandari, tuliteremka mpaka huko, tukakatisha reli za tramu kwa herufi T (Mjerumani mmoja aliyumba, hakuanguka), tukanywa chai na biskuti zao za siagi. Chai haimo kwenye bei, jambo ambalo tangazo halikusema.

Kutoka Leith tulirudi kwa kufuata mto mdogo, Water of Leith, sehemu kubwa chini ya miti, mpaka Dean Village. Hapo zamani palikuwa pa vinu vya kusaga nafaka, sasa ni nyumba nzuri za mawe zinazoinamia maji, na kwa mbali unaliona daraja refu la Thomas Telford la 1831. Watu wote wanapiga picha. Mmarekani mmoja alikuwa anapiga ya kwake nilipolisikia lile pssss. Sijui wenzangu kama walilisikia. Mimi nalijua hata usingizini.

Pancha, gurudumu la nyuma. Kijana alikuwa na vifaa na mikono myepesi: akalitoa tairi kwa vijiti vya plastiki, akachomoa tyubu, akachukua mpya kuivisha. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, ngoja mwanangu, pitisha kidole kwanza ndani ya tairi. Akapitisha taratibu, akakuta kipande cha chupa kidogo kama punje ya mchele, bado kimekaa pale kinasubiri tyubu mpya. Alicheka mpaka masikio yakawa mekundu. Baba angempiga kofi, lakini kwa upendo.

Wakati anapampu ndipo akasimulia jambo ambalo kama si pancha asingelisema, na ndilo nililolibeba mpaka nyumbani. Sote tunajua jina Dunlop. John Boyd Dunlop, Mskoti, aliyesomea udaktari wa mifugo hapa hapa Edinburgh, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, akapata hati ya ubunifu 1888. Lakini Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameshapata hati ya tairi la upepo 1845, la magari ya farasi, mpira ndani na ngozi nje. Baiskeli zenyewe za kulitumia zilikuwa hazijaenea, watu wakalisahau, na ubunifu wake ukaja kumsumbua Dunlop baadaye. Thomson alifia Edinburgh 1873 na kaburi lake liko Dean Cemetery, juu kidogo ya pale tulipokuwa tumechutama.

Yaani familia yetu imekula, imevaa na imesoma kwa kazi ya mtu huyu, na mimi sikuwahi kulisikia jina lake. Niliuliza kama tunaweza kupanda tukaone kaburi. Muda hauruhusu, akasema. Ile robo saa ya mbwa niliikumbuka kwa uchungu.

Lalamiko langu kubwa linaanzia hapo hapo. Tangazo limeandika kwamba ziara ni rahisi na inamfaa kila mtu. Kutoka Dean Village unapanda mlima wa mawe uitwao Bell's Brae, na wote saba tulishuka tukasukuma. Ukidhani yamekwisha, unapita New Town, ule mji uliopangwa 1767 kwa mistari iliyonyooka, barabara pana na tambarare, unajipongeza, halafu unakutana na The Mound. Hiyo Mound ni kilima cha kutengenezwa: udongo uliochimbwa wakati wa kujenga New Town ulimwagwa bondeni mpaka ukawa barabara ya kupanda mji wa zamani. Mwanangu alipanda hadi juu amesimama kwenye pedeli. Mimi nina miaka 52 na magoti ya Tanga, mji tambarare. Nilisukuma. Aliye na shida ya magoti au moyo aulize kwanza, na aombe baiskeli ya umeme. Walikuwa nazo stoo, hakuna aliyetuambia.

Tulipokuwa New Town mzinga ulilia kutoka ngomeni, nikaruka. Ulianza 1861 ili meli zilizoko baharini zirekebishe saa zake, na mpaka leo wanaupiga kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Wenyewe wanauita mzinga wa saa moja. Nikamwambia mwanangu, mzinga gani wa saa moja, hii ni saa saba mchana, na njaa yangu ni shahidi.

Kwenye bustani ya Princes Street, karibu na mnara wa Scott, ipo sanamu ya Livingstone. Kijana alieleza safari zake vizuri, ila mwisho wake akaumalizia Westminster Abbey, kanisa la London alikozikwa, moja kwa moja, kana kwamba mwili uliruka. Niliwaambia wenzangu habari za Chuma na Susi na wenzao, Waafrika aliosafiri nao, walioutoa mwili wake nchi inayoitwa Zambia leo wakaubeba mpaka Bagamoyo. Kwa ziara inayopita mbele ya sanamu hiyo kila siku, hawa ni watu wa kutajwa.

Natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa neno “rahisi” na kwa siti. Nendeni asubuhi, vaeni nguo inayokauka upesi, bebeni chochote cha kutafuna.

Wakati wa kurudisha kofia nilimwomba kijana ile tyubu yenye tundu. Akashangaa, akanipa. Baba ameshaizamisha kwenye karai, ameipiga msasa na kiraka, haivuji hata kidogo. Tatizo ni mdomo wa vali. Wao wanatumia ule mwembamba kama sindano, pampu yake haiingii, na rimu zetu zina tundu kubwa. Ameitundika ukutani karibu na spoki, na kila mteja anayeuliza anaambiwa hiyo ni ya laki moja na nusu.