Kitagata: bafu la Mulago na bafu la mfalme

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Kitagata, kwenye chemchemi za maji moto, kwa ajili ya magoti yake. Tulitoka Kasese alfajiri, tukavuka daraja la Katunguru, Ishaka tukabadili taksi, na kutoka hapo ni lami tupu mpaka Kitagata, wilaya ya Sheema, magharibi mwa Uganda. Asubuhi huna haja ya kuuliza njia, mvuke wenyewe unakuita.

Chemchemi ni mbili. Moja wanaiita Mulago, kama ile hospitali kuu ya Kampala, kwa sababu ndiko wagonjwa wanakokimbilia. Nyingine ni Ekyomugabe, yaani ya Omugabe, mfalme wa Ankole, aliyekuwa akioga hapo. Falme zilifutwa mwaka 1967. Mwaka 1993 Buganda, Toro na Bunyoro wakarudishiwa zao, Ankole hapana. Bafu limebaki, mwenye bafu hayupo.

Mama akachagua Mulago. "Kule kwa mfalme nitaongea na nani?"

Na kweli mazungumzo ndiyo nusu ya dawa. Maji yanapochomoza yanafika hadi nyuzi 80, kwa hiyo hakuna kujirusha: unaanza na kidole, kisigino, unangoja, unasogea kule yalikopoa kidogo. Bibi mmoja alimwona mama anasitasita, akamwita "kaaka", yaani bibi, ingawa yeye mwenyewe ndiye mkubwa, akachota maji kwa kipande cha jerikani na kummiminia mgongoni taratibu, kama anayemwagilia mche. Hawakuwa na lugha moja. Walicheka tu. Baada ya saa moja mama alisimama bila kunishika bega. Sisemi amepona, na vidonge vyake anaendelea kumeza. Jina la Mulago lisikudanganye. Mwenye presha amwone daktari kwanza.

Kiingilio hatukudaiwa, ila kijana mmoja aliyejipa ukubwa wa mahali alitaka "hela ya ulinzi" wa viatu. Nilimpa macho tu. Kilichonikera zaidi ni kubadilisha nguo: tulibadilishia nyuma ya leso, mimi nimeishika huku na mwanamke nisiyemjua ameishika kule.

Kaka yangu amefanya kazi Ufaransa, na nilipomsimulia akanitumia picha za mabanda ya kufulia ya vijijini kule: paa la vigae, birika la mawe, ukingo umeinamishwa pale wanawake walipopiga magoti kusugua nguo. Mwaka 1851 serikali yao ilitenga fedha za kusaidia vijiji kujenga mabanda hayo. Siku hizi kila nyumba ina mashine, hakuna anayefua pale, lakini kijiji bado kinakarabati paa na kupanga maua. Mama aliitazama picha kwa muda. "Hawa wanatunza pa kufulia pasipofuliwa. Sisi tunaoga kila siku, hata pa kutundika gauni hatuna."

Nyota nne. Ya tano naiweka mpaka nione ukuta wa kubadilishia nguo, hata wa matete.

Ukienda, wahi asubuhi, beba leso mbili, ndala, na jerikani tupu. La kwetu la lita 5 lilikuwa limeshapoa tulipofika Katunguru. Mama aliyaogea hivyo hivyo usiku, akakataa nisiyachemshe.