Potometa ya kioo yenye koki: kioo kizuri, kizibo dhaifu

Potometa hii hupima kasi ya kitawi kilichokatwa kunyonya maji, kwa kufuatilia kiputo cha hewa ndani ya kapilari, yaani mrija mwembamba sana. Kioo chake ni kinene na alama za milimita zimechongwa, hivyo hazifutiki kwa kuoshwa. Kinachoipa thamani ni koki ya tangi: ukiifungua kidogo, maji hukirudisha kiputo mwanzo wa kipimo na unapima upya bila kubomoa chochote. Zile za bei ndogo, za bomba na mpira tu, hazina nafasi hiyo.

Kasoro kubwa ni kizibo cha mpira. Tundu lake ni la saizi moja, na kitawi chembamba huacha upenyo. Shina linapovuta, hewa huingia hapo badala ya maji kupita kwenye kapilari, na kiputo hujikokota au kusimama kabisa. Chagua shina linaloingia kwa kubana, kisha pakaza mafuta ya mgando kuzunguka kiungo. Yasiguse mahali palipokatwa, maana yataziba mirija.

Kukata ndiko kunakoharibu majaribio mengi. Maji ndani ya zailemu, mirija ya shina inayopandisha maji, huvutwa kutoka juu: yanavyovukizwa kupitia stomata, vitundu vidogo vya majani, molekuli zilizoshikana huvutana mpaka chini, kama wanasayansi Dixon na Joly walivyoeleza mwaka 1894. Ukikatia shina hewani, hewa hufyonzwa ndani papo hapo na uzi huo wa maji hukatika. Kata mshazari, shina likiwa ndani ya beseni la maji, na uliunganishe humohumo. Kausha majani, acha kitawi kitulie dakika 10 hivi, ndipo uingize kiputo: inua ncha ya kapilari kutoka majini kwa muda mfupi, kisha irudishe.

Kapilari ya kipenyo cha milimita 1 hukupa hesabu rahisi: kiputo kikisogea milimita 50, kitawi kimenyonya takriban milimita 39 za ujazo. Feni ikiwashwa, kiputo huongeza mwendo. Ukifunika majani kwa mfuko wa plastiki, hupungua. Hapo kifaa hakina mpinzani.

Taa ya joto ni habari nyingine, na maelekezo ya kifaa hayaigusi. Mililita 50 za maji zilizofungiwa kati ya koki, kitawi na kapilari zikipanda nyuzi 1 tu ya Selsiasi karibu na nyuzi 20, hutanuka kiasi cha kukisukuma kiputo nyuma takriban milimita 12. Utadhani mwanga umepunguza unyonyaji! Tumia taa ya LED, au weka chombo bapa cha kioo chenye maji kati ya taa na kifaa.

Usitarajie ikueleze habari za mizizi. Kitawi hakina vinyweleo vya mizizi wala osmosisi (maji kupenya utando wa seli) ya kuingiza maji kutoka udongoni, na kinachopimwa ni maji yanayoingia, si yanayotoka. Tofauti ni ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa sana ya maji hupotelea majanini, lakini kitawi kilichonyauka hunyonya zaidi ya kinavyopoteza hadi kisimame.

Unaponunua, omba vizibo vya akiba vya matundu tofauti. Ukimaliza kazi, chomoa koki na uweke kipande cha karatasi kati yake na kioo. Ikihifadhiwa imefungwa hunata, na kuilazimisha ndiko kunakovunja shingo ya tangi.