Pampu ya ngama ya otomatiki: nyota moja, tena kwa fundi

Nilikuja kuipa nyota moja pampu hii ya kutoa maji yanayokusanyika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Juzijuzi, baada ya mvua ya usiku kucha, nimekuta boti imelala kwa tezi (upande wa nyuma), maji yamepita mbao za sakafu, na pampu kimya. Nikapima betri: imejaa. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Pampu iliyoshindwa kwa sababu betri imekwisha angalau imepigana.

Nikafuata nyaya. Fundi aliyelipwa kuifunga ameuchukua umeme wa boya, ile swichi inayoelea na kuiwasha pampu maji yakipanda, baada ya swichi kuu ya betri. Maana yake, ukizima swichi kuu ukashuka, umeizima na pampu, wakati kazi yake kubwa ni pale ambapo hakuna mtu chomboni. Kumuuliza, ananijibu, "Basi swichi kuu usiwe unazima." Hilo ni jibu gani?

Waya wa otomatiki hutoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, kabla ya swichi kuu, kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Kwenye pampu yangu ni ule wa kahawia. Wa kahawia wenye mstari mweupe ndio wa kuwashia kwa mkono, nao upitie swichi ya dashibodi. Mweusi ni hasi. Rangi hazifanani kwa watengenezaji wote, kwa hiyo soma karatasi yake kwanza.

Fyuzi nayo! Pampu imeandikwa ampea 5, yeye kaweka 15. Kipande cha kamba kikinasa kwenye feni, mota haizunguki lakini inazidi kuvuta umeme. Fyuzi ya 5 ingekatika. Ya 15 inatulia tu huku waya unachemka, mota inaungua, na moto unaweza kuanzia hapo.

Viungio ndivyo vilivyoniudhi kuliko vyote. Amesokota nyaya, akazungushia tepu, akaviacha vilale ndani ya ngama. Nilipobandua tepu, shaba ilikuwa unga wa kijani, imeshikwa na nyuzi tatu. Waya wa chanya ukiwa na umeme ndani ya maji ya chumvi hujila wenyewe, na umeme unaovuja unaweza kula hata vyuma vingine vya boti vilivyozama. Tumia waya uliopakwa bati, viungio vya kubana kwa koleo lake vyenye ala ya gundi inayosinyaa kwa joto, na uvifunge juu ya kimo ambacho maji hayafiki.

Nimefunga upya, na sasa lazima niseme kweli: pampu ni nzuri. Boya linanyanyuka, inaanza papo hapo, inakausha, inazima. Ningeipa nne. Lakini kwa nini nyaya za kiwandani ziwe fupi hivyo, wakati mtengenezaji anajua kiungio kitaangukia majini? Tatu, basi. Na ule ujazo wa kwenye boksi hupimwa bila kupandisha maji; ukiinua mpira wa kutolea maji mita moja, tena ule wa mikunjo ndani, usiutegemee ujazo huo.

Kabla hujamlipa fundi, zima swichi kuu, kisha mimina ndoo mbili ngamani mbele yake. Yangu ingejaribiwa hivyo, ingegundulika siku ileile.