Nililala chini ya jiwe Monsanto: uzoefu wangu, na hasira zangu

Nianze na nyota kabisa tusipotezeane muda: moja. Na hiyo moja ni ya jiwe, si ya mwenye nyumba.

Jiwe lenyewe liko Monsanto, kijiji cha mashariki mwa Ureno, upande wa Idanha-a-Nova, karibu na mpaka wa Hispania. Picha zake wengi mmeziona. Nyumba za graniti zimebanwa katikati ya majabali makubwa kuliko lori. Jabali hili ni ukuta wa sebule, lile ni paa, jingine limeegemea juu ya kichochoro na watu wanapita chini yake na mikoba ya sokoni bila hata kuinua macho. Ipo nyumba wanayoiita ya kigae kimoja, kwa sababu paa lake lote ni jiwe moja. Sasa mimi ni mtoto wa Mwanza, fundi ujenzi, siku hizi niko kwenye saiti za Lisbon. Mtu aliyekulia Igogo, ambako jirani anaishi juu ya jiwe na wewe unaishi chini ya jiwe hilohilo, akionyeshwa Monsanto atatulia vipi? Nikamwambia mama watoto, safari hii baharini hatuendi, twende tukaone Wareno nao walivyopambana na mawe.

Tukakodi nyumba mtandaoni. Jina la nyumba sitaji, la mwenyewe sitaji, nilishamwandikia kulekule anakostahili. Ilikuwa miezi ya baridi, mvua za huko zimeshachanganya. Gari unaliacha chini, mizigo unapanda nayo kwa miguu kwenye njia za mawe zinazoteleza. Hilo silalamiki, kwetu Mwanza nani alipeleka gari Mabatini juu? Tumefika tunahema, tumefungua mlango, na ukweli usemwe: mama watoto alishika mdomo. Chumba cha kulala nusu yake ni jabali. Limeingia ndani, limekaa, kitanda kimesogezwa ubavuni mwake.

Tangazo lilisema tutalala tumekumbatiwa na historia. Usiku ule historia ilinitiririkia shingoni.

Niliamka nadhani nimetokwa na jasho. Mto umelowa. Mama watoto akasema, "Baba, hili jiwe linalia." Nikawasha tochi ya simu, nikalifuata jiwe kwa mkono kuanzia juu linakopotelea darini. Hapo ndipo hasira ilipoanza, na mpaka leo haijaisha. Kwenye lile jabali kuna mfereji. Si ufa, ni mfereji: umechongwa kwa patasi, upana wa vidole viwili, unashuka mshazari kutoka juu, unazunguka ubavu wa jiwe na kuelekea kwenye tundu ukutani ili maji yatoke nje. Fundi aliyeuchonga, Mungu amrehemu popote alipo, alijua kwamba jiwe huwezi kulizuia lisipitishe maji. Unachoweza ni kuliambia maji yapite wapi. Alama za patasi bado zinahesabika kwa ncha ya kidole. Halafu akaja mwenye nyumba wa leo, akaona tundu ukutani linaharibu picha za tangazo, akaliziba kwa saruji. Saruji nyeupe, imesuguliwa vizuri, imepakwa na rangi. Basi maji yanakuja kwa adabu zote kwenye mfereji wao, yanafika kwenye saruji, yanakosa njia, yanageuza, yanaingia kitandani kwangu.

Mnanielewa? Nyumba haikuwa na kasoro. Iliwekewa kasoro.

Tukawasha hita ya umeme ili angalau blanketi zikauke. Mama watoto akaweka birika la chai. Pu! Meinswichi imekata, giza. Ureno mteja analipia kiwango cha umeme anachoruhusiwa kuvuta kwa wakati mmoja, ukipitiliza unakatika. Wenye nyumba za kupangisha wengi wanachukua kiwango kidogo, bili isipande. Kwa hiyo ni uchague, hita au chai. Nikageukia mahali pa kuotea moto, maana nyumba ile inapo, pa zamani kabisa, masizi yameingia mpaka ndani ya jiwe. Mmeweka nini humo? Mtungi wa maua ya plastiki, na karatasi yenye maandishi: marufuku kuwasha.

Nikampigia mwenye nyumba. Najua ulikuwa usiku, lakini namba aliiandika mwenyewe na akaweka "saa zote". Nikamweleza kwa Kireno changu cha saitini, kinachotosha kabisa kugombana. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto: hapa si hoteli, wazee wetu waliishi humo karne na karne bila hita. Akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba ninyi mnaotoka Afrika ni kawaida kuona baridi kali. Akakata simu.

Ninyi mnaotoka Afrika. Mimi ninayempigia kwa sababu ya saruji!

Na hiyo ya wazee wake, jamani, naijibu hapa kwa kuwa usiku ule sikupewa nafasi. Wazee wako walikuwa na hita, tena ya miguu minne. Nyumba za graniti za upande ule zilijengwa mifugo ikilala chini na watu juu, joto la wanyama likipanda kwa mwenye nyumba. Walikuwa na moto uliowaka kweli, si maua ya plastiki. Walikuwa na tundu la maji ukutani. Na hawakumtoza mtu yuro hata moja kwa usiku. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alipona kweli, mgeni nikabaki na mafua.

Asubuhi tulitoka mapema, si kwa furaha, ni kwa kuikimbia nyumba. Mnapaswa kujua kwamba kila nilichokiona siku ile nilikiona kwa jicho la mtu aliyelala kwenye maji. Kwenye mnara wa saa, mnara wa Lucano, juu amesimama jogoo wa fedha. Mwaka 1938 Ureno ilifanya mashindano ya kutafuta kijiji chenye Ureno zaidi kuliko vyote, Monsanto wakashinda, jogoo ndiyo ikawa zawadi yao, na aliye juu ya mnara ni nakala yake. Nilimwona ananicheka.

Dukani wanauza vidoli vya vitambaa vinavyoitwa marafona, vimevalishwa juu ya msalaba wa mbao, gauni la rangi kali, uso mtupu: macho hakuna, mdomo hakuna. Zamani waliviweka chini ya kitanda cha maharusi ili wapate watoto, na kwa kuwa havioni wala havisemi, siri ya chumbani ilibaki chumbani. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, akatusisitiza tununue tukaweke chini ya kitanda. Mama watoto akamwambia chini ya kitanda chetu kwa sasa pana dimbwi. Yule mama akauliza ni nyumba gani. Tulipomtajia akatazama juu, akavuta pumzi, akatupunguzia bei. Hakusema neno lingine, na mimi niliridhika kabisa.

Tukapanda ngomeni. Sasa hapa, wandugu, ndipo ninapoanza kujipinga, nivumilieni. Mfalme Afonso wa kwanza aliwapa Mashujaa wa Hekalu, wale watawa wapiganaji wa Kikristo, eneo hili mwaka 1165, na mkuu wao Gualdim Pais akajenga ngome juu kabisa, mita 758 kutoka usawa wa bahari. Karne ya 19 ghala la baruti lililipuka na kubomoa sehemu kubwa. Kilichobaki ni ukuta ambao huwezi kusema wapi jiwe la Mungu linaishia na la fundi linaanzia. Nimejenga kuta nyingi, na nilikaa pale nikipitisha mkono kwenye maungio kwa muda mrefu mpaka mama watoto akanikumbusha kwamba kuna watu wanataka kupiga picha. Hawakulivunja jabali ili wapate kiwanja. Kwetu Mwanza jiwe likikaa vibaya tunalichomea matairi lipate moto, lipasuke, tuuze kokoto. Wao walilizunguka, wakachonga kiti cha boriti ndani yake, wakaendelea. Chini kidogo ya ngome kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, limebaki kuta bila paa, na pembeni makaburi yamechongwa mwambani kwa umbo la mtu, sehemu ya kichwa na mabega. Mvua imeyajaza maji. Nikasema, haya, hata marehemu wa hapa wanalala kwenye maji, nalalamika nini.

Hadithi yao ya ngome nayo ni nzuri. Wanasimulia kwamba walizingirwa muda mrefu, chakula kikabaki ndama mmoja na ngano kidogo. Wakamlisha ndama ngano yote, wakamrusha kutoka ukutani. Maadui walipoona tumbo limepasuka na ngano inamwagika, wakasema hawa wana shibe, hatuwawezi, wakaondoka. Mpaka leo mwanzoni mwa Mei wanawake wanapanda ngomeni wakipiga adufe, ngoma ya pembe nne ambayo mtu wa pwani akiisikia atauliza dufu limepata wapi pembe, na wanarusha mitungi iliyojaa maua. Nilitazama ule ukuta nikaifikiria ile hita.

Basi nikataka kuwaandikia hivi: nendeni Monsanto, msilale. Ingieni asubuhi, zungukeni, shukeni mkalale mjini Castelo Branco kwenye hoteli yenye ukuta wa tofali. Ndiyo ushauri niliokuwa nao mpaka saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja mabasi ya watalii yakaondoka. Kijiji kikabaki na wenyewe, wazee wachache wanafunga madirisha, moshi wa kuni unatoka kwenye nyumba ambazo wenyewe wana akili. Mawe yale yalipikwa chini ya ardhi takriban miaka milioni 300 iliyopita. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakala kona taratibu mpaka yakawa mviringo, udongo ukaondoka, yakabaki juu. Ndivyo hata ya kwetu, ila ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwa hiyo kwa umri sisi ni mababu na tuheshimiwe. Nilipita vichochoroni saa ile nikishika jabali hili na lile, mengine bado yana joto la jua la mchana, na nikakiri kwa mama watoto kwamba asiyelala hapa hajaiona Monsanto. Kwa hiyo laleni. Nyota nne. Nilikuwa tayari kuandika tano.

Tukarudi nyumbani. Mto bado umelowa.

Na baada ya sisi kuondoka, mwenye nyumba akakata sehemu ya dhamana yetu. Sababu aliyoandika: wageni wameacha unyevu kwenye godoro. Nimeisoma hiyo sentensi mpaka nimeihifadhi. Nilimtumia picha za mfereji, picha za saruji, nikamchorea na mchoro jinsi ya kufungua tundu: nyundo ndogo, patasi, nusu saa, bure, niko tayari kuja mwenyewe. Akajibu kwamba nyumba imekarabatiwa na wataalamu.

Kwa hiyo kijiji nyota tano, nyumba nyota moja, na hiyo moja nairudisha kwa fundi wa mfereji, mwenye nyumba abaki na sifuri yake. Mkienda kukodi, kabla ya kulipa ombeni picha ya mahali jiwe linapoingia ndani na mahali maji yanapotokea. Ulizeni kama moto unaruhusiwa kuwashwa. Akiwaambia habari za wazee wake, tafuteni nyumba nyingine. Zipo, na tuliona watu wametoka kwenye nyumba zao za jabali asubuhi wamekauka na wanacheka.

Dhamana haijarudi. Mei nataka twende kuwaona wale wanawake na mitungi yao. Mama watoto amekubali, kwa sharti kwamba nyumba ya kulala anaichagua yeye, na tundu la maji analikagua kwanza kwa macho yake kabla sijateremsha begi.