Kutuma hadithi mashindanoni kupitia saiba ya Lamu: kuchapa wanajua, kusubiri kunawashinda

Saiba, yaani maduka ya intaneti, za Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, kuanzia mtaa wa Langoni hadi Mkomani, zimeongeza huduma moja juu ya zile za KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na barua za kuomba kazi: kumchapia mtu hadithi fupi, kuituma mashindanoni, kisha kumwangalizia matokeo. Duka tunalolipima hapa liko upande wa Langoni. Jina tunaliacha, kwa sababu kasoro zake nyingi zimo kwa majirani vilevile. Kuchapa ni shilingi 50 kwa ukurasa, kuprinti 10, kutuma 100, na kuangaliziwa matokeo ni 200 zinazolipwa mara moja. Kuchapa wanajua. Kutuma wanabahatisha. Hiyo ya kuangalizia matokeo, ambayo ndiyo wanayoitangaza kwa herufi kubwa mlangoni, usiinunue mpaka wabadili wanavyoifanya.

Pesa nyingi inatoka kwenye kuchapa, basi tuanzie hapo. Mashindano mengi hutaka herufi za saizi 12 na nafasi mbili kati ya mistari. Hadithi ya maneno 3,000 ikipangwa hivyo hufika kurasa 11 au 12. Kwa nafasi moja ni kurasa sita hivi. Duka huhesabu kurasa baada ya kupanga, kwa hiyo kazi ileile itakutoka shilingi 300 au 600 kulingana na mpangilio tu. Elewaneni kabla: wahesabu kwa nafasi moja, kisha wapanue mwishoni. Kupanua ni kuteua maandishi yote na kubonyeza Ctrl na 2. Hapo hapana kazi ya kulipiwa.

Kijana anayechapa ana mkono mwepesi na anasoma mwandiko wa daftari bila kuuliza sana. Shida yake ni kwamba anasahihisha asichoombwa. Mhusika akisema mato yanamuuma, nakala inarudi ikiwa na macho. Ndia inageuka njia, mtana unageuka mchana. Kwa barua ya kuomba kazi, sawa. Kwa hadithi ambayo msimulizi anatumia Kiswahili sanifu na wahusika wanazungumza Kiamu, lahaja ya Lamu, ameshaiharibu, na bibi wa Mkomani sasa anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Pigia mstari mwekundu daftarini kila neno la Kiamu na umwambie lisiguswe. Akiambiwa hivyo, haligusi.

Programu nayo ina yake. Word kwenye mashine zote imewekwa lugha ya Kiingereza, kwa hiyo karibu kila neno linapigiwa mstari mwekundu na kosa la kweli linajificha humohumo. Baada ya baadhi ya vifupisho vyenye nukta neno linalofuata huanza kwa herufi kubwa, maana programu inadhani sentensi imekwisha. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za Word. Mwambie akichague kabla hajaanza, kisha usome nakala iliyoprintiwa ukiwa na kalamu mkononi. Kusomea kwenye skrini ya duka, na mteja mwingine amekusimamia begani, ni kupoteza muda.

Halafu hifadhi. Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na watu wengi hutegemea hiyo stima ikikatika. Hapa haisaidii. Mashine zimewekewa programu inayofuta kila kitu kompyuta inapowashwa upya, ili virusi na faili za wateja zisirundikane, na nakala ya dharura inafutwa pamoja na takataka nyingine. Flashi yako iwe imechomekwa tangu ukurasa wa kwanza, na faili ihifadhiwe humo, si kwenye deskitopu. Anayekuja na boti kutoka Siyu au Faza ana sababu zaidi ya kusisitiza, kwani safari ya kupitia mkondo wa bahari wa Mkanda inangoja maji yajae, na nahodha hamsubiri mtu arudie kurasa nane.

Sasa kutuma. Shindano linalotajwa zaidi humu dukani ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, na kwa haki, maana haina ada ya kuingia, inapokea hadithi za Kiswahili kama zilivyo, na mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500, mshindi wa jumla pauni 5,000. Masharti yake ni mepesi kuyakumbuka: raia wa nchi mwanachama, umri kuanzia miaka 18, maneno 2,000 hadi 5,000, hadithi moja kwa mtu mmoja, na iwe haijachapishwa popote. Hilo la kuchapishwa ni pamoja na mtandaoni. Ukishaibandika Facebook ili jamaa wakupongeze, umejitoa mwenyewe.

Ajabu ni kwamba duka hili humshauri mteja aipitishe hadithi kwenye programu ya kutafsiri "ili wazungu waelewe", na humtoza kwa hilo. Kataa. Hakuna anayehitaji tafsiri hiyo, na Kiingereza kinachotoka humo kingeangusha hata hadithi nzuri. Jambo ambalo wangefaa kumwonya mteja ni kiwango cha chini cha maneno. Kiswahili hubana kitenzi, mtenda na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo hadithi inayoonekana ndefu daftarini inaweza kuishia maneno 1,800. Hesabu ya Word iko chini kushoto. Itazame kabla hujalipa, si baada ya fomu kuikataa.

Fomu yenyewe hujazwa mtandaoni, na hapa ndipo makosa yanapopandwa yale yatakayoota miezi sita baadaye. Jina la mwandishi halitakiwi kwenye faili ya hadithi, kwa sababu majaji husoma bila kujua ni ya nani. Duka huliweka juu ya ukurasa wa kwanza kwa mazoea ya barua. Liondoe, na uliondoe pia kwenye kijuu cha kurasa ambako hujirudia. Kosa kubwa zaidi liko kwenye kisanduku cha imeli. Mteja asiye na imeli, au aliyesahau pasiwadi, huwekewa imeli ya duka. Inachukua sekunde tano na inaokoa dakika 20 za kumfungulia akaunti. Kuanzia dakika hiyo, kila atakachoandikiwa mwandishi kinakwenda kwa duka.

Mteja mzee huuliza, "Mwanangu, imekwenda?" naye hujibiwa, "Imekwenda, maalim," huku kijana akionyesha kidole kwenye ukurasa unaosema asante. Ukurasa huo haushikiki. Kithibitisho ni imeli ya kupokelewa, nayo huja ndani ya dakika chache. Usiondoke kabla hujaiona, na uiprinti kwa zile shilingi 10. Isipokuja, angalia kwanza kasha la spamu na herufi za imeli uliyojaza. Duka likiona haijaja, hujaza fomu upya palepale. Sasa una hadithi mbili penye ruhusa ya moja.

Kuhusu saa: siku ya mwisho huwa tarehe 1 Novemba. Shindano lolote linalofunga dakika moja kabla ya usiku wa manane London linafunga kwetu saa saba na dakika 59 usiku, au saa nane na dakika 59 ikiwa Uingereza wamesharudisha saa nyuma, jambo wanalofanya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hesabu hiyo inamfaa aliye na bando nyumbani. Duka hufunga saa tatu usiku, na siku ya Ijumaa mlango hufungwa kwa ajili ya sala ya mchana. Nenda siku mbili tatu kabla.

Tumefika kwenye zile shilingi 200. Wanachofanya ni hiki: ukirudi kuuliza, kijana anaandika jina la shindano na jina lako kwenye Google, anatazama ukurasa wa kwanza, anakwambia bado au hukupata. Njia hii inakosea kwa namna mbili. Kwanza, kurasa za miaka iliyopita mara nyingi hutangulia, na orodha inayosomwa ni ya mwaka jana. Mwambie akuonyeshe mwaka kabla hajasoma majina. Pili, jina lako halitafutiki kama limeandikwa Mwanakhamisi kwenye fomu na Mwanahamisi kwenye Google.

Ila kasoro ya msingi ni kwamba wanafuatilia mahali pasipo penyewe. Kalenda ya Jumuiya ya Madola inajulikana: dirisha linafungwa Novemba mosi, orodha fupi hutoka karibu na Aprili, washindi wa kanda karibu na Mei, na mshindi wa jumla karibu na Juni. Kwa kawaida mashindano humwandikia aliyeingia orodha fupi kabla ya kutangaza hadharani. Humtaka athibitishe uraia, atume maelezo mafupi na picha, na anyamaze mpaka siku ya tangazo. Barua hiyo huja na siku za kujibu. Kwa hiyo anayengoja tangazo ndipo aangalie anaweza kukuta muda wa kujibu umeshapita. La kufuatiliwa ni kikasha cha imeli, mara moja kwa wiki, kuanzia Februari.

Na kikasha cha duka hakifai kwa kazi hiyo. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15 kwa jumla. Ya duka imejaa skani za vitambulisho na vyeti vya miaka mingi, na ikijaa, imeli mpya zinarudishwa zilikotoka bila wewe kujua. Zile zinazoangukia kwenye spamu hufutwa zenyewe baada ya siku 30, na hakuna wa kuzipepeta katikati ya foleni. Na siku duka likibadilisha laini ya simu, msimbo wa kuingilia unakwenda kwa laini isiyokuwepo, na akaunti nzima inabaki imefungwa na barua yako ndani.

Fungua imeli yako kwa laini yako, ndani ya duka lao, siku ileile ya kutuma. Wakikutoza 100 kwa kazi hiyo, lipa; ndiyo pesa yenye faida kuliko zote humu. Andika pasiwadi kwenye daftari la hadithi, si kwenye karatasi ya risiti. Anwani ya shindano iweke kwenye orodha ya watu unaowasiliana nao, itapunguza uwezekano wa kutupwa kwenye spamu. Ingia angalau mara chache kwa mwaka hata ukiwa huna jambo, kwa kuwa Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa. Kabla hujainuka, toka kwenye akaunti. Ukisahau, unaweza kuitoa mashine hiyo kupitia simu, kwenye sehemu ya usalama inayoorodhesha vifaa vyako.

Orodha ya mashindano iliyobandikwa ukutani inahitaji kuchujwa. Wameiweka Tuzo ya Caine bila maelezo, na watu wanalipa 100 kuomba. Tuzo hiyo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, pauni 10,000, aliyoichukua mwandishi Idza Luhumyo wa Pwani hii yetu mwaka 2022, hupokea hadithi iliyokwisha kuchapishwa, na anayeiwasilisha ni mchapishaji. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili kabisa, lakini inataka mswada wa kitabu. Hadithi moja ya kurasa 12 haina nafasi. Wakibandua hizo mbili au wakaandika masharti pembeni, ukuta ule utakuwa wa maana.

Kitu kimoja wamekifanya vizuri kuliko majirani: wanapoona imeli ya "umeshinda, tuma ada ya kupokea zawadi", wanamwambia mteja waziwazi ni utapeli. Tuzo ya kweli humlipa mshindi, haimtozi, wala haiulizi PIN ya M-Pesa. Imeli za aina hii huongezeka mtu akishasambaza anwani yake kwenye kila fomu ya ukutani.

Jina likikosekana kwenye orodha fupi, usilipe mtu akuandikie shindano kuuliza sababu. Mwaka 2024 hadithi zaidi ya 7,000 ziliingia Jumuiya ya Madola. Maelezo ya mmoja mmoja hayatolewi. Hadithi imekuwa huru, itume kwingine. Anayetaka kuzisoma za washindi huzikuta mtandaoni, na hiyo ni kazi ya nusu saa kwa shilingi 30 kwenye mashine iliyo karibu na dirisha, yenye kibodi ambayo herufi zake hazijafutika.

Foleni ni fupi asubuhi, kabla ya saa nne. Mwisho wa Juni usiende kabisa: tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, mashine zote zimeshikwa, na kijana atakujibu bado bila hata kugeuza kichwa.